Kunywa chai yako, lakini usiifanye chakula wala usingizi

Swali huulizwa hivi: ni vikombe vingapi vya chai kwa siku ndio mtu asijidhuru? Nitajibu hapa juu kabisa nisikumalizie bando. Kama wewe ni mtu mzima mwenye afya na huna mimba, vikombe vitatu au vinne vya chai ya majani kwa siku havina neno. Hata ukifika vinane vile vidogo, bado hujavuka mpaka wa kafeini ambao wataalamu wanauona salama.

Kama ulitaka namba tu, umeipata, unaweza kurudi TikTok. Lakini kaa kidogo. Hiyo namba ilipigiwa mtu aliyekula, aliyelala, na ambaye kikombe chake hakina vijiko vitatu vya sukari. Vijana wengi ninaowajua hapa mjini hawafanani na huyo mtu hata kidogo.

Wacha tuone kwanza namba yenyewe inatoka wapi. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema mtu mzima anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na zisizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu yao, kikombe cha chai nyeusi cha mililita 220 kina karibu miligramu 50. Gawanya 400 kwa 50, unapata vikombe vinane. Vinne vikifuatana mara moja, umefika ule mpaka wa mkupuo.

Sasa angalia kikombe chako. Kile kikombe kikubwa unachotumia kwa keja kinaweza kubeba mililita 350. Vitano vya aina hiyo ni sawa na vinane vya kwenye hesabu ya Ulaya. Halafu sisi hatuchovyi kijifuko dakika mbili tukakitoa. Tunachemsha majani kwa sufuria mpaka rangi ikolee, na majani yetu ni zile punje ndogo zinazotoa rangi na kafeini haraka. Kwa hivyo mtu anayesema "mimi hunywa tano tu" huenda ameshafika mpakani bila kujua.

Kuna wenye mpaka wa chini zaidi. Mama mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku, yaani vikombe vinne vidogo, na hapo uhesabu pia kahawa, soda ya kola na chokoleti. Kwa watoto na vijana walio shuleni, EFSA hutumia kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Msichana wa kilo 45 anapata miligramu 135, ambazo hazifiki vikombe vitatu. Na dada anayemeza vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba mwili wake huchukua muda mrefu zaidi kuiondoa kafeini, kwa hivyo chai ya jioni humkalia zaidi kuliko inavyomkalia rafiki yake.

Kama pia unatumia vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, jumlisha. Kopo la mililita 250 lina karibu miligramu 80 za kafeini. Makopo mawili usiku wa mtihani na vikombe vitano vya chai mchana, umepita 400. Mwili haujali kafeini ilitoka Kericho au ilitoka kiwandani.

Hiyo ndiyo hesabu ya kafeini, na kwa watu wengi haina shida kubwa. Tena chai si adui. Mwaka 2022 watafiti waliowafuatilia karibu watu nusu milioni nchini Uingereza walichapisha matokeo kwamba waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo kidogo wa kufa katika kipindi hicho kuliko wasiokunywa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowalinda, lakini unatosha kunyamazisha wale wa kutuma jumbe za kutisha kwa grupu za WhatsApp kwamba chai ni sumu.

Na tukiwa hapo, tuondoe uongo mwingine. Eti chai inakausha maji mwilini? Chai ya kawaida ni maji kwa sehemu kubwa, na kwa mtu aliyeizoea, inahesabika kama maji aliyokunywa. Eti strungi inaleta vidonda vya tumbo? Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu tunazomeza ovyo. Chai kali juu ya tumbo tupu inaweza kukuongezea asidi na kiungulia, na ukiwa na kidonda tayari utaisikia, lakini haikukileta yenyewe. Ukiumwa na tumbo kila wiki nenda upimwe, usibaki kulaumu majani.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kazi tunayoipa chai.

Fanya hesabu ya mtaani. Kwa kibanda kilicho karibu na kwangu, chai ya maziwa ni shilingi 20 na ndazi ni 10. Ndazi mbili na chai, umetoka na 40. Madondo na chapo mbili ni 100. Msee anayelipwa kwa siku, na anajua kodi inakuja tarehe 5, atachagua gani? Hiyo 60 inayobaki ni nauli. Kwa hivyo asubuhi ni chai, saa nne ni chai, mchana ni chai na ndazi, na usiku akifika kwa keja amechoka anapika strungi na kumalizia mkate. Huyo amekunywa vikombe vinne tu. Ukimpima kwa namba ya EFSA yuko sawa kabisa. Ukimpima kwa chakula, hajala siku nzima.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Nawajua wengi wanaoishi hivi: waandishi wa mtandaoni wanaofanya kazi usiku kwa sababu mteja yuko Marekani, watu wa boda, mabawabu, dada wa saluni ambao mteja wa kwanza hufika kabla hawajala. Ukiwauliza wamekula nini, jibu ni "nimepiga chai." Hilo neno kupiga linaonyesha jinsi tunavyoichukulia. Tumeifanya mlo.

Inaonekana inashibisha kwa sababu kafeini na sukari huificha njaa kwa muda. Sukari inapanda kwa damu, unachangamka, kisha inashuka na unatafuta kikombe kingine. Protini hakuna, isipokuwa ile kidogo ya maziwa, na maziwa yenyewe kwa vibanda vingine ni ya kutia rangi tu. Mboga hakuna. Matunda hakuna.

Tukija kwa sukari, hapa ndipo vikombe vinakuwa vingi kabla kafeini haijawa nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati tunayokula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, au vijiko 12 vya chai. Linasema pia kwamba ukishuka hadi nusu ya hapo, vijiko sita, ni bora zaidi. Sasa chukua vikombe vitano vyenye vijiko vitatu kila kimoja. Hivyo ni vijiko 15, kama gramu 60, na bado hujahesabu ndazi, soda wala juisi ya pakiti. Wengine wetu hatuweki vijiko vitatu vilivyosawazishwa, tunaweka vilima.

Kwa hivyo mtu akiniuliza mpaka wa chai yetu ya Kenya, ya maziwa na sukari ya kutosha, namwambia ni vikombe viwili. Akitoa sukari, au akibaki na nusu kijiko, hapo tunaweza kurudi kwa ile hesabu ya kafeini. Ulimi huzoea. Punguza nusu kijiko kila wiki na baada ya miezi miwili hutakumbuka.

Jambo la tatu ni damu, na hapa nataka akina dada wanisikilize. Chai ina kemikali za tanini, ndizo zinazoifanya iwe na ule ukakasi. Zikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyo kwenye mimea, kama maharagwe, ndengu na mboga, zinayashika yasiingie mwilini. Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu. Ukiongeza maziwa hubadilishi sana mambo.

Fikiria sasa chakula chetu. Chapo madondo na chai. Githeri na chai. Ndengu na chai. Mtu ambaye hali nyama kila siku anategemea hayo maharagwe kupata chuma, halafu anayateremsha na kitu kinachozuia chuma. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi ndiye anayeumia zaidi. Kizunguzungu, uchovu usioisha, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi: hizo zinaweza kuwa dalili za upungufu wa damu. Na wengi wakichoka hivyo, wanafanya nini? Wanaongeza chai.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji doo. Tenganisha chai na chakula kwa saa moja au zaidi. Kula madondo yako na maji, ukamulie limau au ule chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai ije baadaye. Na kama umepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, usivimeze na chai hata siku moja. Mama mjamzito anayemeza kidonge chake na chai ya asubuhi anakitupa nusu. Watoto wachanga nao waachwe. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo uji na chakula kilichopondwa vina kazi, lakini chai kwa chupa ya mtoto haina.

Jambo la nne ni usingizi. Kafeini haikupi nguvu mpya. Ubongo una kemikali inayojikusanya mchana kutwa kukuambia umechoka, na kafeini inakaa kwenye kiti cha hiyo kemikali ujumbe usifike. Uchovu uko pale pale unangoja. Kwa mtu wa kawaida, baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini bado iko mwilini. Ukinywa vikombe viwili saa nne usiku, miligramu 100, saa tisa usiku bado una kama 50. Ni kana kwamba mtu amekuamsha saa tisa akakupa kikombe kimoja. Unaweza kulala, ndiyo, lakini usingizi unakuwa mwepesi, na asubuhi unaamka ukidai kikombe kingine cha kukufungua macho.

Hapo ndipo watu husema "bila chai kichwa inaniuma." Ni kweli inauma. Mwili uliozoea kafeini ukikosa kwa saa 12 hadi 24, kichwa huuma, unakasirika, na unashindwa kutulia kwa kazi. Waliozoea chai nyingi huyajua haya siku za mwanzo za Ramadhani. Wenye busara hupunguza kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla, na wewe unaweza kufanya hivyo wakati wowote wa mwaka. Usiache ghafla Jumatatu yenye kazi nyingi kisha useme imeshindikana.

Jambo la tano hatulizungumzii kabisa: joto. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tatizo hapo ni ule moto, hata kama ni maji matupu. Na sisi tunahusika. Maeneo ya magharibi ya Bonde la Ufa yamejulikana kwa miaka mingi kuwa na saratani hii kwa wingi, na madaktari wa hospitali ya Tenwek kule Bomet wameripoti wagonjwa wasiofika hata miaka 30. Sababu ni nyingi, zikiwemo pombe na tumbaku, na chai ya moto sana ni mojawapo ya zinazochunguzwa.

Huko nyumbani kwetu tunamcheka anayepuliza chai. Tunaona mwanaume kamili ni yule anayeimimina ikitoa mvuke. Acha acheke. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi ipe dakika tano, au iongezee maziwa baridi. Kama inakuchoma ulimi, jua inachoma na kule usikohisi.

Na kuna ambao hupita mipaka yote. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 47 huko Michigan, Marekani, ambaye kwa miaka 17 alikunywa jagi moja la chai kila siku lililotengenezwa kwa vijifuko 100 hadi 150. Mifupa yake iliharibika kwa floridi, madini ambayo mchai huyakusanya kwa majani yake. Mwaka 2015 jarida hilo hilo likaandika kuhusu mwanaume wa miaka 56 huko Arkansas aliyekuwa akinywa glasi 16 za chai baridi kwa siku. Figo zake zilifeli, na madaktari wakaona chanzo ni oksalati, kemikali nyingine iliyo kwa chai. Hao ni watu wa ajabu, wewe hufiki huko. Lakini kama unaishi Nakuru au Naivasha, ambako maji ya visima yana floridi nyingi mpaka meno ya watu yanageuka kahawia, una sababu ya kutozidisha chai kali, kwa sababu maji unayopikia tayari yamekuongezea.

Najua kuna mtu anasema, sasa huyu anataka tuache chai? Hapana. Hii ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Familia nyingi za Kericho, Nandi, Murang'a na Kirinyaga zimesomesha watoto kwa majani hayo. Chai ndiyo tunayompa mgeni kabla hatujamuuliza shida yake. Huwezi kuingia kwa shosh ukakataa chai na uondoke salama. Lakini unaweza kusema, "Shosh, niwekee nusu, na sukari kidogo," na hatakasirika. Jioni unaweza kuomba ya mchaichai au tangawizi tupu bila majani, ambayo haina kafeini.

Ila ushauri wa kijiko na saa hautoshi peke yake, na hapa nawageukia wenye uwezo. Mwajiri anayeweka kijana kazini kutoka saa mbili usiku hadi asubuhi, kisha anajisifu kwamba ameweka chupa ya chai na mkate, hajamlisha. Amemnunulia kukesha kwa bei rahisi. Sahani ya githeri au ndengu kwa wafanyakazi wa usiku haiwezi kufilisi kampuni. Vyuo navyo viangalie kantini zao. Kama chai na ndazi ndicho kitu cha pekee ambacho mwanafunzi anaweza kumudu, msishangae akisinzia darasani au akianguka kwa mstari wa usajili. Bakuli dogo la maharagwe kwa bei ya chai na ndazi lingefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi za afya.

Kliniki nazo, tafadhali, mnapompa dada vidonge vya kuongeza damu, mwambieni waziwazi kwa Kiswahili: usimeze na chai. Sentensi moja tu. Ni wangapi wamewahi kuambiwa hivyo?

Kwako wewe msomaji, nakuachia utaratibu huu. Chai ya kwanza inywe baada ya kula, au iache saa moja ipite kati yake na chakula. Vikombe vitatu au vinne, sukari isizidi kijiko kimoja kwa kila kimoja. Ipe dakika tano ipoe. Baada ya saa kumi jioni, funga duka la kafeini. Na siku ambayo mfukoni kuna 40 pekee, nunua ndengu ya 30 uchemshe jioni, na hiyo 10 inayobaki chukua strungi moja ya kuchangamkia. Ndengu ndiyo chakula.